Zimwi Likujualo

Usiku wa manane Jade Nguyen anazinduka na kukuta mwili umemgomea. Macho yanaona, masikio yanasikia, lakini mkono hauinuki na ulimi umeganda. Mswahili angesema msichana huyu amekabwa na jinamizi. Wavietnamu nao wana neno lao, bóng đè, yaani kugandamizwa na kivuli. Kuta za chumba zinavuma kwa mbali. Kukipambazuka, anaona vijiguu na vipapasio vya wadudu mahali ambapo mdudu hana shughuli yoyote. Usiku ukirudi, anatokewa na bibi harusi mzuri ajabu, aliyekufa zamani, mwenye onyo moja fupi: asile.

Hivyo ndivyo riwaya ya She Is a Haunting inavyoanza kukaza kamba. Ilitolewa na Bloomsbury mwaka 2023, na mwandishi wake, Trang Thanh Tran, ni Mmarekani mwenye asili ya Vietnam. Kilikuwa kitabu chake cha kwanza, na mwaka uliofuata kiliingia fainali za tuzo ya William C. Morris, ambayo wakutubi wa Marekani humpa mwandishi anayebisha hodi kwa mara ya kwanza katika fasihi ya vijana. Kwa Kiingereza, Tran hutajwa kwa kiwakilishi kisichobainisha jinsia, na wapo wahariri wanaokuna vichwa kila wanapofika hapo. Mhariri wa Kiswahili hana la kukuna: yeye ni yeye.

Jade ana miaka 17. Ametoka Marekani na mdogo wake Lily kwenda Đà Lạt, mji wa milimani kusini mwa Vietnam, kukaa wiki tano na baba ambaye hawajaishi naye kwa muda mrefu. Baba huyo, wanayemwita Ba, anakarabati jumba la enzi ya Wafaransa ili lipokee wageni wa kulala. Jumba linaitwa Nhà Hoa, Nyumba ya Maua. Ba ameahidi kumlipia Jade ada ya chuo kikuu, na binti amepiga hesabu yake: wiki tano za kujifanya, kisha fedha mkononi. Atajifanya Mvietnamu wa kutosha, Mmarekani wa kutosha, na msichana anayevutwa na wavulana peke yao. Hilo la mwisho ni uongo mtupu, na uongo huo unaanza kumponyoka siku anapokutana na Florence, msichana mkorofi asiyependa kuamrishwa.

Wachapishaji wa Kiingereza wana jina la vitabu vya namna hii, vya mapenzi ya msichana kwa msichana, lililotokana na Sappho, mshairi wa kale wa kisiwa cha Lesbos huko Ugiriki. Miaka ya karibuni rafu za riwaya za kutisha za vijana zimejaa wasichana wanaopendana, wamewekwa katika shule za bweni zilizojitenga, visiwa vya karantini, misitu na majumba yenye ukungu. Vingine havistahili karatasi vilivyochapishiwa. Kitabu cha Tran kinastahili, kwa sababu kinajua zimwi limelala wapi.

Hicho ndicho kipimo ambacho riwaya yoyote ya kutisha inapaswa kupimwa nacho. Ukungu, popo na milango inayolia ni mapambo. Swali ni moja: kitabu kinamtaka msomaji amwogope nani? Kwa zaidi ya miaka 100, msichana aliyempenda msichana alipoingia katika hadithi ya kutisha, yeye ndiye alikuwa jibu. Tran amelichukua zimwi hilo kutoka kifuani mwa msichana na kulihamishia katika nyumba, na katika historia ya walioijenga.

Đà Lạt haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Daktari Alexandre Yersin, yuleyule ambaye mwaka 1894 alikitambua kijidudu cha tauni huko Hong Kong, alifika kwenye uwanda wa Lang Bian mwaka 1893 katika safari zake za uchunguzi. Ni nyanda za juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, zenye misonobari na baridi ya kuvalia sweta. Paul Doumer, aliyekuwa gavana mkuu wa Indochina kuanzia 1897, alitaka mahali pa kuwapumzisha Wafaransa walioangushwa na joto na malaria, na Yersin akampa jina la uwanda huo. Watu wa Lạch walikuwa wakiishi pale tayari. Kijito chao ndicho kilichoupa mji jina.

Mji wenyewe ulipanda mlimani juu ya migongo ya watu. Kabla ya barabara, mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao kwa kulazimishwa, na kazi ya kuchonga njia ikala roho za vibarua wengi kwa homa na uchovu. Hoteli ya Lang Bian Palace ilifunguliwa mwaka 1922. Reli ya meno ya kilomita 84, iliyoparamia milima kutoka Tháp Chàm, ikakamilika mwaka 1932. Mfalme Bảo Đại akawa na kasri lake la mapumziko. Kandokando yakachomoza majumba ya Wafaransa yaliyoiga yale ya Normandie na milima ya Alps, yenye mapaa ya mteremko mkali. Paa la namna hiyo lilibuniwa limwage theluji, na Đà Lạt haina theluji. Mtu alivuka bahari, akajenga nyumba inayongojea majira ambayo hayatafika kamwe, kisha akawaajiri wenyeji waifagie. Mwandishi wa hadithi za kutisha anahitaji nini zaidi?

Msomaji wa Tanzania hahitaji ramani ili kuuelewa mji kama huo. Lushoto, katika milima ya Usambara, ilibatizwa Wilhelmsthal na Wajerumani waliopanda huko kulikimbia joto la pwani. Waingereza nao walikuwa na Simla, waliyoifanya makao makuu ya kiangazi ya utawala wao nchini India mwaka 1864. Kila dola iliyotawala nchi za joto ilijitafutia kilele chake cha baridi, na kila kilele kilihitaji mpishi, dobi, yaya na mtunza bustani. Katika jumba kama hilo kuna watu wa mlango wa mbele na watu wa mlango wa jikoni. Picha ya wa kwanza hutundikwa ukutani. Jina la wa pili halipo hata kwenye daftari la mishahara.

Jade anagundua kwamba watu wake walikuwa wa mlango wa jikoni. Bustani za Nhà Hoa, ambazo maua yake ya haidrenja yamefura kupita kiasi, ziliwahi kutunzwa na mababu zake. Kwa hiyo nyumba haijakutana na wageni. Inawafahamu. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na ni faraja ya watu wanaoishi na ubaya waliouzoea. Nhà Hoa imeigeuza methali hiyo kichwa chini. Hili ni zimwi lililokula babu likabakiza, na sasa limewaona wajukuu wakishusha masanduku mlangoni.

Baba yao ndiye anayeufanya utisho huo uwe mzito. Ba si mtu mbaya wa kuchorwa kwa makaa. Ni mwanamume aliyehama nchi, akashindwa kuishi na familia yake ughaibuni, na sasa anaamini kwamba akiimiliki nyumba ambayo watu wake waliitumikia, maisha yake yatakuwa yamenyooka. Anapiga rangi, anaziba nyufa, anabadilisha vigae. Kila msumari anaoupigilia unamfunga yeye. Wapo wanaume wengi wa namna hiyo nje ya vitabu, walioweka akiba maisha yao yote ili wakalie kiti cha bwana wa zamani, na hawakuwahi kukitazama kiti chenyewe kimetengenezwa kwa mti gani.

Onyo la bibi harusi nalo lina uzito ambao msomaji wa haraka anaweza kuupita. Katika nyumba nyingi za Vietnam, chakula hupelekwa kwanza kwenye madhabahu ya wahenga, na mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo hutengwa uji na wali kwa ajili ya roho zinazotangatanga bila ndugu wa kuzilisha. Walio hai na waliokufa hupatana kwa sahani. Katika familia ambayo baba na mabinti hawajui kuombana radhi kwa maneno, mezani ndipo wanapojaribu. Mtu akiambiwa asile hapo, ameambiwa pia asipatane, asisamehe, asikubali kuitwa mwenyeji. Tran amelichukua pendo la kila siku, la kumwekea mtu chakula, na kutia shaka ndani yake. Bakuli la supu linaanza kutisha kuliko maiti.

Florence anaingia hapo. Jade anapoona baba na mdogo wake hawamwamini, wasichana hao wawili wanaamua kutengeneza mizimu yao wenyewe, ya uongo, ili kuwatisha wenye nyumba wakimbie mizimu ya kweli. Ni mpango wa kitoto na wa kuchekesha, na ndani ya mpango huo wanapendana. Mapenzi yao yanakuja kwa kazi za kificho, kwa utani na kwa kukaa karibu mno gizani. Hakuna anayeumwa kwa sababu ya kupenda. Hakuna mganga wala padri anayeitwa. Katika kitabu ambacho nyumba inamtaka Jade, baba anamtaka awe binti wa picha, na Jade mwenyewe anajitaka awe mtu mwingine, Florence peke yake hadai kitu. Kurasa zake ndizo ambazo msomaji anavuta pumzi.

Ili kuona ni umbali gani umetembewa, inabidi kurudi Dublin. Kati ya 1871 na 1872, Sheridan Le Fanu, Mwairishi aliyeandika hadithi nyingi za mizimu, alichapisha kwa sehemu sehemu hadithi ya Carmilla katika jarida la The Dark Blue. Mahali ni ngome ya upweke huko Styria, Austria, katikati ya msitu. Laura anaishi humo na baba yake bila rafiki wa rika lake. Gari la farasi linapinduka, msichana mrembo anaachwa awe mgeni wao, na urafiki wa hao wawili unakuwa wa moto kuliko urafiki wa kawaida. Carmilla anampenda Laura na anamnyonya damu, na kwa Le Fanu mambo hayo mawili ni jambo moja. Mwisho wake, wanaume wazima wanakusanyika kaburini: baba, jenerali, baroni na matabibu. Kigingi kinapigwa, kichwa kinakatwa, mwili unachomwa na majivu yanatupwa mtoni. Bram Stoker, naye mtu wa Dublin, aliitoa Dracula miaka 25 baadaye, mwaka 1897. Kwa hiyo mnyonya damu wa kike aliyependa wanawake alitangulia kufika kabla ya yule bwana wa Transylvania mwenye joho, ambaye dunia nzima inamjua.

Carmilla ni hadithi nzuri, na ndiyo maana imedumu. Lakini iliacha kanuni nyuma yake: mapenzi ya wasichana wawili yanasimulika, alimradi mmoja aishie kaburini. Kanuni hiyo haikubaki kwenye hadithi za mizimu. Mwaka 1952 Marijane Meaker, kijana wa Marekani aliyejificha chini ya jina la Vin Packer, aliandika Spring Fire, riwaya ya bei nafuu kuhusu wanafunzi wawili wa kike wa chuo. Mhariri wake alimruhusu kwa sharti kwamba mwisho usiwe wa furaha, kwa sababu posta ilikuwa na uwezo wa kuyazuia maboksi ya vitabu kwa kosa la kueneza uchafu. Meaker akatii, na msichana mmoja akamalizia katika wazimu. Mwaka huohuo Patricia Highsmith alitoa The Price of Salt, naye kwa jina la bandia, akaacha mlango wa matumaini wazi. Ilionekana kama muujiza.

Meaker mwenyewe alikuja kuilipa kanuni ile kwa njia ya pembeni. Alibadilisha jina tena, akawa M. E. Kerr, mmoja wa waandishi walioijenga fasihi ya vijana nchini Marekani, na mwaka 1994 akachapisha Deliver Us from Evie, kisa cha binti wa mkulima anayempenda msichana wa mwenye benki. Evie hafi. Mwandishi yuleyule alihitaji miaka 42 na majina mawili ya kubuni ili kutoka kwenye hukumu hadi kwenye uhai.

Waliofuata walikuta njia ina nyayo. Mwaka 2019 Rory Power alitoa Wilder Girls, iliyowekwa katika Raxter, shule ya bweni ya wasichana kwenye kisiwa karibu na pwani ya Maine. Ugonjwa unaoitwa Tox umewaweka wanafunzi karantini kwa mwaka na nusu. Hetty amepoteza jicho, Byatt ameota uti wa pili wa mgongo, Reese ana mkono wenye magamba ya fedha. Meli ya jeshi la wanamaji huleta chakula kisichotosha na ahadi ya dawa. Hapo pia hisia za Hetty na Reese ni jambo la pembeni lisilohitaji kuombewa radhi, na kadiri kurasa zinavyosonga ndivyo kidole kinavyowaelekea watu wazima waliojua mengi na kunyamaza. Kitabu hicho kilitoka miezi michache kabla dunia yote haijajifunza maana ya karantini, na wasomaji waliokirudia mwaka 2020 hawakuwa wakisoma kitu kilekile.

Kanuni ya kaburi haikuwa ya Marekani na Ulaya pekee. Filamu ya Rafiki, ya Mkenya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, iliyotokana na hadithi fupi ya Jambula Tree ambayo ilimpatia Mganda Monica Arac de Nyeko tuzo ya Caine mwaka 2007, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Hiyo ilikuwa 2018. Nyumbani, Bodi ya Filamu ilikuwa imeshaipiga marufuku, na Kahiu ameeleza hadharani kwamba mojawapo ya mambo yaliyoisumbua bodi ni mwisho wa filamu kuwa na matumaini kupita kiasi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba, na watu wakapanga foleni Nairobi. Mhariri wa 1952 na bodi ya 2018 hawakuwahi kuonana, lakini waliomba kitu kimoja: hadithi inaweza kuwepo, msichana asifurahi.

Wasomaji wengi wa gazeti la Kiswahili watasimama hapa na kutikisa kichwa. Dini zao zina msimamo, na sheria pia. Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Mzazi anayeogopa kumkuta binti yake wa kidato cha tatu na kitabu kama hiki hastahili dhihaka. Anastahili hoja.

Hoja ya kwanza ni kwamba hofu ya vitabu vya vijana imekwishakosea mara nyingi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilionekana chafu, ikazuiwa mashuleni Tanzania kwa sababu ilieleza bila kificho yanayompata msichana aliyelelewa kwa viboko na vitisho vya baba. Baadaye ikasomwa na kufundishwa kama moja ya nguzo za riwaya ya Kiswahili. Kilichowaudhi watu wa wakati ule hakikuwa uongo wa kitabu. Huko Marekani leo mambo yamegeuka biashara ya jumla: shirika la PEN America lilihesabu visa 10,046 vya vitabu kuondolewa katika shule za umma kwa mwaka wa masomo wa 2023 hadi 2024, na vitabu vyenye wahusika wanaopenda watu wa jinsia yao ni sehemu kubwa ya orodha.

Hoja ya pili inahusu aina yenyewe ya uandishi. Riwaya ya kutisha humfunza kijana kuitambua hatari. Kijana anayesoma Carmilla bila mwongozo anafunzwa kumwogopa mgeni, mwanamke na mguso wa upole. Anayesoma She Is a Haunting anafunzwa kuwa na wasiwasi na baba anayenunua upendo kwa ada ya chuo, na nyumba inayotaka shukrani bila kueleza ilijengwaje, na meza ambapo kila mtu anatabasamu na hakuna anayesema kweli. Hata mzazi asiyekubaliana na mapenzi ya Jade angeweza kutamani binti yake ajifunze mambo hayo matatu mapema.

Kitabu chenyewe kina makosa yake. Sehemu ya kati inazunguka: Jade anaamka, anaona wadudu, anaambiwa anaota, analala, anaamka tena. Tran anapenda tamathali kiasi kwamba sentensi moja inaweza kubeba mzizi, utumbo, ukungu na jino, na msomaji akatoka bila kujua aangalie wapi. Lily, mdogo mtu, ana akili na ucheshi, naye alistahili kurasa zaidi. Na Wafaransa wa jumba lile, wakiingia, wanaingia wakiwa wamekwishahukumiwa. Ubaya wao ungeuma zaidi kama mara mojamoja wangeonekana watu wa kawaida wanaopenda maua. Mwandishi alikuwa ndiyo kwanza anaanza, na inaonekana.

Hata hivyo, kuna somo hapa kwa waandishi wa Kiswahili, wawe wanaandika mapenzi ya aina yoyote au bila mapenzi kabisa. Pwani ya Afrika Mashariki haijapungukiwa na mahali pa kutisha. Gede, karibu na Watamu, ni mji wa nyumba za mawe uliohamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu. James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeanza kuchimba huko mwaka 1948, aliandika baadaye kwamba siku za mwanzo alihisi kama kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili yenyewe ilizaliwa makaburini, na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ambamo mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anathibitisha kwamba muuaji ni binadamu mwenye damu na tamaa. Ulikuwa ushindi wa akili, na kwa wakati wake ulihitajika.

Lakini Bwana Msa alipomaliza kazi yake, mizimu ya watu wa kale haikuulizwa ilikuwa ikidai nini. Nani alichoma chokaa ya nyumba za mawe? Nani alifagia nyua za matajiri wa karafuu, na wajukuu wake wako wapi leo? Riwaya ya kutisha ni chombo kinachofaa kuuliza hivyo, kwa sababu hairuhusu jibu la haraka. Vijana wa pwani wanaojua visa vya majini kuliko wanavyojua majedwali ya kemia wangekisoma kitabu cha namna hiyo kwa tochi ya simu, chini ya chandarua, mpaka betri iishe.

Tran ameendelea na kazi. Riwaya yake ya pili, They Bloom at Night, ilitoka mwaka 2025, na safari hii mahali ni pwani ya Louisiana, kati ya wavuvi wa kamba na maji yaliyogeuka mekundu kwa mwani. Đà Lạt nayo haijafungwa. Kasri la Bảo Đại lina wanaokuja kulitazama kwa tiketi, Hoteli ya Palace ya mwaka 1922 ingali inapokea watu, na majumba kadhaa ya Wafaransa yamefanyiwa kile hasa ambacho Ba alikuwa akikifanya: rangi mpya, vigae vipya, vitanda vyenye shuka nyeupe. Asubuhi ukungu ukiwa bado umeshika misonobari, wageni hushuka ngazi za mbao, huketi karibu na dirisha lenye maua ya haidrenja, na kifungua kinywa huletwa kutoka upande wa jikoni.